Kipande cha Ngoie

Alhamisi, Julai. Baridi kavu, upepo wenye vumbi jekundu, na moyo wangu hauko mahali pake.

Ningepaswa kufurahi. Naanza na hilo ili anayepita kwenye ukurasa huu asidhani nimefiwa. Leo kule mtaa wa Ruashi kifaa kilichotoka katika maabara yetu kimeingizwa kwenye tanuru, kimewaka mpaka kikawa na rangi ya limau bivu, kimetolewa ghafla kwenye baridi hii, na hakikuvunjika. Nimeingoja siku hii tangu nilipoanza kufundisha. Baba watoto amesikia habari, amevaa viatu, ameenda kununua bia.

Mimi nimekaa barazani hapa Kasungami, kitenge juu ya sweta, natazama mabua makavu katika shamba la jirani, na ninatamani Jumatano irudi.

Si leo. Jumatano.

Wacha niandike taratibu. Nikiandika na hasira huwa najipendelea.

Kwa asiyenijua: ninafundisha chuoni hapa Lubumbashi, na kazi yangu hasa ni kutafuta vitu vinavyovumilia moto mkali. Maabara yetu ni chumba kimoja chenye tanuru dogo la umeme, mitungi ya gesi na dirisha lisilofunga vizuri. Tunaofanya kazi humo ni wawili tu. Mwenzangu ni Ngoie. Kwa cheo ni msaidizi wangu, lakini ni mtu mzima mwenye mke na watoto, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga. Wazazi wangu mimi walitoka Kasai. Watu wa mji huu wakiona majina yetu mawili kwenye mlango mmoja huinua nyusi kidogo, kwa uhasama wa zamani wa Katanga na Kasai ambao sitaufungua hapa. Lakini mimi na Ngoie hatujawahi kugombana.

Nilikuwa najivunia hilo. Mimi nasema, Ngoie anafanya. Nilidhani huko ndiko kuelewana.

Wiki iliyopita aliniambia kwamba mgodi mmoja wa upande wa Kolwezi unamtaka. Kuna nyumba, kuna shule ya watoto, kuna matibabu. Aliyasema hayo akiwa anaosha beseni la resini, bila kunitazama. Nikamwuliza amewajibu nini. Akasema, "Tuone mbele mambo ya Ruashi, Madame."

Nikaelewa kwamba jaribio la Ruashi likifaulu, atabaki. Nilielewa hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka. Bila Ngoie hakuna maabara. Tanuru lile linamjua yeye. Mikono yangu imezoea chaki. Basi wiki nzima sala yangu ilikuwa moja: kifaa kishike, Ngoie abaki.

Nieleze kifaa chenyewe, maana ndicho kilichonitia adabu.

Papa Ilunga ana kiwanda kidogo cha kuyeyusha chuma pale Ruashi. Anamimina vipuri vya mashine za migodini. Tanuru lake linawashwa na kichomeo cha mazuti, haya mafuta ya dizeli, na kichomeo kina mdomo, yaani bomba fupi ambalo moto unapita kuingia tanuruni. Mdomo wa chuma unaliwa na moto haraka. Mdomo wa kauri unaoagizwa kutoka nje hauliwi, ila una adui mmoja, nao ni umeme wetu. Umeme ukikatika, feni inayopuliza hewa inasimama, na wafanyakazi wanakimbia kukivuta kichomeo nje kabla moto haujarudi nyuma. Mdomo unatoka kwenye joto la kuyeyusha chuma na kukutana na hewa ya asubuhi. Kauri haivumilii mshtuko huo, inapasuka. Nadhani wanaoitengeneza wanaishi mahali ambapo umeme haukatiki.

Sisi tulitaka kutengeneza mdomo wa watu ambao umeme wao unakatika.

Njia ipo, na si siri. Wanaotengeneza roketi wanaitumia, na wanaotengeneza breki za magari ya mbio pia. Unachukua nyuzi za kaboni, nyeusi, nyembamba kuliko unywele, zilizofumwa kuwa kitambaa. Zina nguvu ya ajabu na joto peke yake haliziwezi, lakini hewa ikiwa ya moto inaziunguza mpaka hazipo. Halafu kuna kabidi ya silikoni, jiwe gumu linalozaliwa tanuruni, hilohilo linalosagwa na kubandikwa kwenye karatasi ya msasa. Jiwe hili haliogopi moto wala hewa, ila linavunjika kama sahani. Kimoja kinaungua, kingine kinavunjika. Ukiviunganisha vizuri, jiwe linazifunika nyuzi zisiungue, na nyuzi zinalishika jiwe lisiachane.

Kuviunganisha ni kazi ya subira. Kitambaa kinalowekwa resini, gundi nzito, kinaviringishwa kupata umbo la bomba, kinaachwa kigande, kisha kinachomwa bila hewa, ndani ya gesi ya argoni, mpaka resini nayo igeuke kaboni yenye matundu madogo madogo. Mwishoni unaweka vipande vya silikoni juu yake na kupandisha joto hadi viyeyuke. Silikoni inanyonywa na yale matundu kama mchuzi unavyoingia kwenye bukari, ugali wetu, na ikikutana na kaboni inageuka kuwa lile jiwe.

Hapo ndipo penye mtego. Silikoni iliyoyeyuka haichagui. Ikimaliza kaboni ya resini inaanza kuzila nyuzi zenyewe.

Ngoie alitaka tuzivalishe nyuzi koti kwanza. Kuzipaka tabaka jembamba la resini, kuzichoma, kuzipaka tena, kuzichoma tena, ndipo tuanze kazi. Silikoni ingelila koti, nyuzi zingepona. Tena alisema koti lina faida ya pili, kwamba halishikani sana na jiwe. Ufa ukitokea kwenye jiwe na kuufikia uzi, utateleza pembeni kwenye koti badala ya kuukata uzi.

Nikamjibu kwamba tunatafuta vitu vishikane, hatutafuti viachiane. Nikamkumbusha shida tunayoipata kupata argoni, na yeye anataka tuitumie mara mbili zaidi. Nilisema mengi, na niliyasema vizuri, maana ndiyo kazi ninayolipwa. Mwishoni nikamruhusu atengeneze kimoja kwa njia yake, kwa sauti ileile ninayoitumia kumruhusu mwanafunzi atoke nje.

Kwa hiyo tukawa na midomo miwili. Wangu haukuwa na koti, wake ulikuwa nalo.

Wangu ulitoka wa kupendeza. Mzito, mgumu, unang'aa kijivu kama risasi ya kalamu. Wa Ngoie ulikuwa mwepesi na wenye mikwaruzo, mtu angedhani umeokotwa jalalani. Mashine ya chuo ya kupimia nguvu haifanyi kazi, kwa hiyo tulikuwa tumetengeneza pia vijiti vidogo kwa kila njia, tukavibana kwenye jiliwa na kuvining'inizia mizigo. Kijiti changu kilibeba mzigo mzito zaidi, kisha kikakatika mara moja, safi. Cha Ngoie kilianza kulalamika mapema, kikapinda, kikatoa vinyuzi, na kikakataa kuachana hata tulipochoka kuongeza mizigo. Nikasema changu kimeshinda, si kimebeba zaidi?

Lakini nisijifiche nyuma ya jiliwa. Kilichonishawishi kabisa ni sikio.

Mama yangu aliuza sahani sokoni maisha yake yote. Nimekulia pembeni ya turubai lake, katikati ya sahani na vikombe, na nimeona maelfu ya wanawake wakinunua. Hakuna anayenunua kwa macho. Mwanamke anaweka sahani juu ya ncha za vidole vya mkono mmoja, anaigonga na ukucha wa mkono mwingine, anainamisha kichwa. Sahani ikilia, ni nzima. Ikisema "tok" tu, ina ufa usioonekana, na inarudishwa chini hata kama ina maua ya kupendeza. Ukiolewa mji huu bila kujua kugonga sahani, wakwe watakusema. Mimi nagonga kila kitu. Nagonga vyungu, vigae, hata tikiti maji.

Jumatano mchana nikaigonga ile midomo miwili mbele ya Ngoie. Wangu ukalia, sauti ndefu, ya kanisani kabisa. Wake ukasema tok.

Nikacheka. Nikamwambia, wako una mafua. Nikautia wangu kwenye mfuko wa safari, nikafunga zipu, wake nikauacha mezani. Ngoie naye akatabasamu kidogo, akasema hakuna shida, na mimi nikaamini kwamba hakuna shida.

Leo asubuhi alichelewa. Tulikuwa tumepatana kukutana mlangoni kwa Papa Ilunga, na mimi nilifika mapema, nikasimama nje nikipigwa na upepo wa Ruashi unaoleta vumbi la mgodi mpaka kwenye meno. Alipofika alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkoba wake begani. Nikamsema kidogo kuhusu kuchelewa, na kuhusu shati, kwani tunaenda tanuruni au tunaenda harusini? Akaomba msamaha. Hakueleza, na mimi sikungoja aeleze.

Papa Ilunga ni mtu mnene, mchangamfu, mwenye haraka. Ananiita Madame Profesa ingawa sijafika huko, na nimeacha kumsahihisha kwa sababu napenda kulisikia. Alikuwa ameshatuambia tangu mwanzo kwamba anatupa asubuhi moja tu, kwa kuwa tanuru lisipofanya kazi yeye hali. Akaushika mdomo wangu, akaugeuza, akaugonga kwa funguo zake. Ukalia. Akafurahi. Wafanyakazi wake nao wakaja mmoja mmoja kuugonga, na kila mmoja alitikisa kichwa kama mnunuzi aliyeridhika. Nilisimama pale nimefura kama andazi. Ngoie alikuwa nyuma yangu, hakugonga.

Wakaufunga kwenye kichomeo, wakawasha. Ulipanda vizuri, ukatoka wekundu kwenda rangi ya chungwa, kutoka chungwa kwenda njano. Mpango ulikuwa Papa Ilunga azime feni kwa mkono, tuige umeme unavyokatika. Akazima. Vijana wawili wenye nguvu wakakivuta kichomeo nje kwa koleo ndefu.

Ukapiga mlio mmoja tu. Nusu yake ikaanguka mchangani, halafu iliyobaki ikafuata.

Nilichuchumaa, nikangoja vipoe, nikatazama pale palipovunjika. Nilijua ninachokitafuta. Kama nyuzi zingekuwa zimefanya kazi yake, ningeziona zimechomoza, kama kingo za mkeka uliochakaa. Hapakuwa na kitu. Palikuwa laini tupu. Silikoni ilikuwa imezila nyuzi zote, ikaacha jiwe mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa nimetengeneza sahani.

Papa Ilunga akanihurumia kwa njia yake. Akasema, "Madame Profesa, kitu yako inajua kuimba, njo ivyo tu." Wafanyakazi wakacheka, si kwa ubaya. Kisha akauliza, "Muko na ingine?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hapana. Ngoie akavua mkoba begani, akaufungua, akatoa ule mdomo wake wa kichomeo, umefungwa kwenye taulo. Niliuacha mezani Jumatano. Hakuna aliyemwambia aubebe.

Niandike ukweli wa kilichopita kichwani mwangu wakati ule, kwa sababu si kizuri. Wazo la kwanza halikuwa shukrani. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba wote wale walikuwa wanamtazama yeye. Nafsi yangu ilitaka sana niseme "tulileta wa akiba". Maneno hayo yalikuwa ulimini, tayari, na yangepita, maana Ngoie asingenikana.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Hii ni Ngoie njo alitengeneza. Miye nilikatala kuileta. Nilikosa."

Papa Ilunga akamtazama Ngoie, akanitazama mimi, akaugonga ule mdomo. Tok. Akakunja uso. Mfanyakazi mmoja akasema huo umeshapasuka tayari, wataharibu mazuti bure. Lakini Papa Ilunga alikuwa ameshatoa asubuhi yake, akasema wajaribu.

Ukapanda rangi zilezile. Papa Ilunga akaenda kusimama karibu na swichi ya feni, akainua mkono kutuonyesha yuko tayari, na kabla hajagusa kitu umeme ukakatika wenyewe. Mtaa mzima. Kiwanda kizima kikapasuka kwa kicheko, hata mimi. Sikujua ningekuja kuushukuru umeme wetu. Vijana wakakivuta kichomeo nje, upepo wa Julai ukaupiga ule mdomo uliokuwa rangi ya limau.

Ulilialia kidogo, kama kuni mbichi. Tukangoja. Ukarudi chungwa, ukarudi wekundu, ukawa mweusi. Papa Ilunga akaupiga kwa koleo, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa nguvu. Pembeni ya kingo palikuwa na ufa mwembamba, ulioanza vizuri, ukapinda, ukaishia njiani. Umeme uliporudi wakauwasha tena, wakauvuta tena, na bado ulikuwa mzima.

Nimekaa nikiufikiria ule ufa tangu mchana. Sikio halikunidanganya, hilo ndilo linaloniuma. Mdomo wa Ngoie ulikuwa na nyufa kweli. Kitu cha aina hii kinazaliwa nazo, maana kikipoa jiwe linasinyaa kwa namna yake na nyuzi kwa namna yake, na jiwe linachanika chanika mahali pengi padogo. Ndiyo maana hakilii. Mama alikuwa sahihi kuhusu sahani. Kosa langu ni kwamba nilidhani kila chenye ufa ni kibovu, wakati kitu hiki nguvu yake ni kupasuka kidogo huku na huku bila kuachana. Na lile koti nililoliita la kupoteza gesi ndilo lililoupindisha ufa. Kuna nafasi ndogo kati ya jiwe na uzi, na nafasi hiyo ndiyo inayowaokoa wote wawili. Changu kilishikana sana, kikawa kitu kimoja, kikafa kwa pigo moja.

Ninawafundisha watu hesabu za jambo hili. Ziko kwenye ubao wangu kila mwaka.

Papa Ilunga alitaka mingine, haraka, ya kichomeo cha pili na ya rafiki yake mwenye kiwanda jirani. Akanipa mkono. Nikasema ndiyo, itakuwepo. Ngoie alikuwa analikunja taulo lake.

Tukatoka mpaka kwenye gari langu. Nilikuwa nimejaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba sasa mambo yamebadilika, kwamba njia yake ndiyo njia ya maabara, kwamba mlangoni jina lake litakuja kwanza nikipenda. Nikaanza. Akaninyooshea kiganja, kwa heshima, kama mtu anayezuia gari lisimkanyage mtu.

"Nilisha kusaini, Madame," akasema. "Leo asubui, mbele ya kukuya huku."

Nilidhani sijasikia. Kisha nikalitazama lile shati jeupe. Alikuwa ametokea mjini kati, kwenye ofisi ya wale watu wa mgodi.

Nikamwambia, lakini ulisema tuone kwanza Ruashi. Akasema ndiyo, alisema. Nikamwambia, na Ruashi imeshika, na nimesema mbele ya watu wote kwamba ni yako. Akasema amesikia, na ananishukuru, na niliona kwamba ananishukuru kweli. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira, ningejua pa kushika.

Nikamwuliza, kama alikuwa ameshasaini, kwa nini aliubeba ule mdomo mpaka Ruashi. Akasema hakutaka niaibike mbele ya watu.

Nikakaa kwenye usukani, mlango wazi, miguu nje. Nikamwuliza lile nililokuwa naliogopa. Kama Jumatano ningeutia wake kwenye mfuko, angebaki?

Alifikiri sana. Ngoie hajibu haraka, na leo nimegundua kwamba mara nyingi huwa simngoji amalize kufikiri.

"Haiko mambo ya mufuko," akasema. "Ungetia yako, ingekuwa tu muzuri. Lakini haukuniulizaka hata siku moja: Ngoie, weye unaona namna gani? Miaka yote miye nilikuwa nangojea ile."

Akaniaga, akavuka barabara kwenda kwao. Nyumbani kwake ni hapohapo Ruashi, nyuma ya kanisa, nyumba anayoijenga mwenyewe chumba kwa chumba.

Nimeendesha gari kurudi Kasungami nikiwa natafuta. Nimezipitia siku zetu zote nikitafuta moja tu niliyomwuliza, ili kesho nimpigie simu nimwambie, unaona, siku ile nilikuuliza. Nimekuta siku nyingi nzuri. Nimekuta siku niliyomsifu mbele ya mkuu wa kitivo. Nimekuta ubatizo wa mtoto wake wa mwisho, nilipomletea mkewe kitenge, nikakaa nao tukala. Kuuliza pia nimekuta kwingi. Nilimwuliza resini iko wapi. Nilimwuliza gesi imebaki kiasi gani. Nilimwuliza kama amefunga dirisha.

Mtu anaweza kumtendea mwenzake wema miaka yote na asimwulize kitu.

Baba watoto amerudi na bia. Amenifungulia moja, ameinua yake juu, amesema kwa heshima ya Madame Profesa. Nimekunywa, kwa sababu furaha yake si ya uongo na hana kosa. Nitamweleza baadaye. Sasa hivi nikianza kueleza nitalia, na bia ni ya kusherehekea.

Nimemwandikia Ngoie ujumbe. Nimemwomba, kabla hajaondoka, aje Jumamosi maabarani anionyeshe mkono wake wa kupaka koti, maana nimemwahidi Papa Ilunga kitu ambacho vidole vyangu havikijui. Amejibu kwamba atakuja. Halafu akaongeza swali, kama nitakuja kujifunza au nitakuja kueleza. Nimecheka peke yangu hapa barazani, kicheko cha kuuma. Nimemjibu kwamba nitakuja na mikono tu, na kwamba mdomo nitauacha Kasungami.

Nitakwenda. Nitapaka, nitachoma, nitapaka tena, na asiponisifu nitanyamaza. Hilo nimejiapia.

Lakini baada ya Jumamosi kutakuja Jumatatu. Tanuru litapanda joto, nitakuwa na kipande mkononi nisichokielewa, na nitageuka, nikiwa tayari kabisa na yale maneno yake: wewe unaonaje?

Na chumba kitakuwa na mimi peke yangu.